Mashauri ya Nyumbani: Kuupeleleza Mji Kabla ya Kuuhamia

Mwezi huu twataka kuijibu barua moja iliyotufikia kutoka Ukerewe, nasi twaijibu mbele ya wote, kwa kuwa twajua wako wengi wenye shauri kama hilo nyumbani mwao, na hasa walimu. Mwalimu mmoja ameandikiwa uhamisho kwenda Mwanza, katika shule mojawapo ya manispaa ya Ilemela. Ana mke, watoto wanne, na mama yake mzazi ambaye sasa ni mzee. Ameambiwa na rafiki kwamba Kirumba hapakosi nyumba za kupanga, na dalali amekwisha kumpelekea picha tatu kwa simu: ukuta uliopakwa rangi, dirisha, na ziwa likionekana kwa mbali. Sasa atuuliza: Je, yatosha aende peke yake siku moja, alipe kodi, kisha arudi kuwachukua jamaa zake? Na chini ya sahihi yake yako maneno mengine machache kwa mwandiko mwingine: "Tafadhali mtuulizie na maji." Mwalimu hakutaja ni nani aliyeyaandika, wala hatukuhitaji kutajiwa.

Basi twaanza na maneno hayo ya chini, kwa maana ndiyo yenye uzito. Mtu aendaye kuutazama mji huutazama kwa jicho la kazi yake. Mwalimu atapima mwendo toka mlangoni hata shuleni; mfanya biashara atalitazama soko; kijana atauliza mpira huchezwa siku gani. Wote watarudi na habari za kweli, wala hata mmoja hataiona njia ya kwenda kuteka maji. Kwa hiyo shauri letu la kwanza, ambalo twajua baadhi ya wazee hawatalipenda, ni hili: waende wawili, mume na mke, na kama nauli haiwatoshi wawili, aende mke. Mume atakuwa shuleni tangu asubuhi hata alasiri, na shule ni shule popote, ubao na chaki na watoto. Mke ndiye atakayeishi katika nyumba ile mchana kutwa, apande na kushuka, apike, afue, awauguze wenye homa. Kama naye ana kazi ya mshahara, bado maji na jiko humngoja jioni. Hatuoni faida ya kumtuma mpelelezi ambaye nchi ile ataijua usiku tu, akiwa amelala.

Katika kitabu cha Hesabu twasoma habari za wale watu kumi na wawili ambao Musa aliwatuma kuipeleleza nchi ya Kanaani. Walimu wetu wa dini hupenda kufundisha juu ya hofu ya wale kumi na imani ya Yoshua na Kalebu, nao wafanya vema. Lakini liko jambo dogo katika habari ile ambalo husahauliwa. Musa hakuwaambia tu, Nendeni mkatazame. Aliwapa maswali kabla hawajaondoka: watu wa huko ni wengi au wachache, nchi ina rutuba au ni nyembamba, ina miti au haina, miji yao ni kambi au ina ngome. Akawaagiza na kuleta matunda, ili watu waone kwa macho yao. Mtu aondokaye bila maswali hurudi na sifa tupu: mji ni mzuri, mji una taa, mji una watu wengi. Na Lutu naye alipeleleza kwa namna yake. Aliinua macho, akaliona bonde la Yordani lilivyo na maji mengi, akachagua papo hapo. Juu ya maji hakukosea. Hakuuliza habari za majirani.

Hapa kwetu penyewe, katika ukingo wa Nyanza, tunayo mifano ya upelelezi wa namna mbili. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza, akaliona ziwa likienda kaskazini pasipo mwisho, akasadiki mara moja kwamba ndilo asili ya mto Nili. Hakulizunguka. Alikaa siku chache tu akarudi Kazeh, yaani Tabora, alikomwacha mwenzake Burton akiugua. Na Burton hakukubali maneno yake. Speke alikuwa amesema kweli, lakini hakuwa na jibu kwa mtu wa kumwuliza, Umefika wapi, umepima nini? Ikambidi kuja safari nyingine, hata mwaka 1862 akayaona maji yakitoka ziwani upande wa kaskazini, na mabishano hayakwisha hata hapo. Ndipo mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipofika Kageye, si mbali na Mwanza ya leo, na mashua yake Lady Alice, ambayo wapagazi waliichukua vipande vipande toka pwani. Aliondoka Kageye mwezi wa Machi, akalizunguka ziwa lote akiufuata ukingo, akarudi Kageye mwezi wa Mei, na ubishi juu ya umbo la ziwa ukapungua sana. Wavuvi wenyeji, bila shaka, walikuwa na habari zao za ziwa hilo tangu mababu, nao wazungu hao wote wawili waliwauliza. Tofauti yao ni kwamba mmoja alitazama toka kilimani na mwingine alizunguka.

Picha ya dalali, ndugu mwalimu, ni kutazama toka kilimani. Ukuta waonekana, njia ya kuufikia haionekani. Wala simu haichukui harufu.

Na kama wataka mfano ulio karibu zaidi na shauri lako, uko katika habari za Mapadre Weupe wa kwanza. Walikuwa watano, mapadre wanne na bruda mmoja, wakafika Kageye mwishoni mwa mwaka 1878, wamechoka kwa safari ndefu toka Bagamoyo, na mbele yao Buganda, nchi wasiyoijua wala hawakujua kama mfalme wake angewapokea. Hawakupakia mizigo yote na kwenda wote pamoja. Padre Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi, wakafika Buganda mwezi wa Februari 1879, wakaonana na Mutesa. Padre Livinhac na wenzake wakangoja Kageye pamoja na mali, hata njia ilipofunguka wakafuata katikati ya mwaka ule. Miezi ile ya kungoja ilikuwa migumu, lakini hawakupoteza kitu kwa kungoja.

Sasa tuje Kirumba. Ni kata ya Ilemela, kaskazini ya katikati ya mji, kando ya barabara iendayo Pasiansi na uwanja wa ndege. Toka mjini ni mwendo wa miguu wa kama nusu saa, na daladala hazikosekani. Tangu mwaka 2012 Nyamagana ndilo Jiji la Mwanza, na Ilemela ina manispaa yake, jambo la kukumbukwa na mwalimu, kwa sababu karatasi zake zitapelekwa Ilemela, wala asipoteze siku akipanga mstari katika ofisi isiyo yake. Watu wa mbali wanaijua Kirumba kwa mambo mawili: uwanja wa mpira wa CCM Kirumba, na soko la samaki la Mwaloni, ambapo dagaa na samaki wakavu hununuliwa na wafanya biashara wa bara yote hii, hata wa Kongo, Rwanda na Burundi. Mahali pa namna hii pana riziki. Wengi wetu tumekula kwa ajili ya Mwaloni ule, na wako mama wajane waliosomesha watoto wao kwa dagaa. Lakini kuishi karibu nao ni jambo la kupimwa, na kupimwa kwake kuna siri ambayo mgeni haijui.

Siri yenyewe ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi hutumia taa za umeme wa betri. Kazi ni ile ile, kuwavuta dagaa kwa mwanga katika giza. Usiku wa mbalamwezi taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Basi mtu akija kuitazama Kirumba siku za mwezi mpevu ataukuta ufuko umetulia kidogo, na upepo ni safi, naye atasema, Wametutisha bure. Akija siku za giza ataona mambo mengine: magunia, mikokoteni, magari yakipakia, makelele kabla ya mapambazuko, na harufu ya dagaa ambayo huingia hata katika nguo za Jumapili. Hatusemi harufu hiyo ni mbaya. Kwa mwenye mzigo sokoni ni harufu ya karo ya mtoto. Lakini mwalimu aje siku za giza, ili kama ataipenda Kirumba aipende ilivyo. Na kama aweza kuja mara mbili, giza na mbalamwezi, ni bora zaidi.

Jambo la pili ni mlima. Mwanza ni mji wa mawe ya matale, na kwa kuwa sehemu za tambarare zilijaa zamani, watu wamejenga juu, katikati ya mawe, nyumba juu ya nyumba, hata ukitazama usiku taa zao zafanana na nyota zilizoshuka. Kodi ya nyumba za juu mara nyingi ni nafuu kuliko ya chini, na upepo wake ni mwema. Ndiyo maana twaomba msitazame kodi kabla ya kuhesabu ngazi. Ichukueni njia kwa miguu toka pale gari linapokoma hata mlangoni. Kisha mwulize mwenye nyumba swali moja: mgonjwa akizidiwa usiku, hushushwaje? Katika vilima vya mji huu pikipiki hufika mahali ikasimama, na kutoka hapo mgonjwa huchukuliwa mikononi mwa vijana, kupita kati ya mawe, na kama ni wakati wa mvua huteleza. Hospitali hazikosekani, Sekou Toure iko mjini, na Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, yaonekana kilimani toka pande nyingi za mji. Lakini hospitali haihesabiwi kwa kuonekana. Mama mwenye mimba ya mwezi wa tisa huhesabu hatua toka kitandani hata garini.

Nasi hatukumsahau mama mzee wa mwalimu. Miguu iliyozoea njia za shamba ya Ukerewe haitashukuru kupandishwa mawe kila aendapo Misa. Akikaa juu asishuke, atakuwa kama mfungwa mwenye mandhari nzuri.

Sasa maji. Watu wa mbali hucheka wakisikia kwamba watu wakaao kando ya ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika wanunua maji kwa dumu. Lakini ndivyo ilivyo mahali pengi, na sababu yake si ngumu. Maji ya bomba hutolewa ziwani, husafishwa, kisha hupandishwa kwa mitambo mpaka katika matangi. Nyumba ya chini huyapata kwanza. Nyumba ya juu hungojea nguvu ya mtambo, na umeme ukikatika, hungoja zaidi. Mji nao umekua upesi kuliko mabomba yake, ingawa kazi kubwa zimefanywa miaka hii, hasa ule mtambo mpya wa Butimba. Kwa hiyo kuona bomba uani hakutoshi. Ufungue. Kisha waulize wanawake wa jirani, si mwenye nyumba, maji hutoka siku gani na saa gani, kwa maana mahali pengine hutoka usiku wa manane, na mwenye kulala sana hukosa. Tazameni pia uani: kama mapipa ni mengi na makubwa, jibu mmekwisha kulipata. Ulizeni dumu la lita 20 huuzwa kiasi gani mlangoni pale penyewe, maana bei ya chini ya mlima na ya juu hazilingani. Mchukuzi naye ana miguu. Zidisheni kwa siku 30, mwongeze juu ya kodi. Nyumba nyingi za kodi nafuu huacha kuwa nafuu hapo.

Na maji ya ziwa yenyewe? Kwa wasomaji wa Ukerewe hili si geni, lakini wako wengine wanaohamia toka Tabora na Shinyanga, ambao watoto wao wakiliona ziwa hukimbia kuingia. Katika fuko za Nyanza kuna kichocho, na hasa kile cha tumbo. Wadudu wake hukua ndani ya konokono wadogo wakaao katika majani ya kando, kisha hutoka na kutoboa ngozi ya mtu aingiaye majini kuoga, kufua au kuteka. Hakuna maumivu makubwa siku ile. Ugonjwa hujificha, na miaka ikipita huliharibu ini. Watoto wa shule za kando ya ziwa hupewa dawa yake, nayo ni dawa njema, lakini mtoto akirudi majini huupata tena. Basi mzazi anayeipeleleza Kirumba atazame watoto wa mtaa ule huoga wapi na mama zao hufulia wapi. Maana watoto wake watafuata wenzao, wala hotuba ya baba haitawazuia.

Juu ya majira tutasema kwa ufupi. Msije mwezi wa Julai peke yake. Julai kila mji wa kanda hii ni mkavu, kila njia hupitika, na mto Mirongo upitao katikati ya Mwanza huonekana kama mfereji wa kumwagia maji machafu. Njooni tena Novemba au Aprili, mwone mto huohuo. Na mwenye kufikiri kununua kiwanja karibu na ziwa, kwa kuwa ni kizuri na cha bei ya kuvutia, akumbuke mambo mawili. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 toka ukingo. Na ukingo wenyewe hautulii: mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hata kufikia kimo ambacho hakikuonekana tangu 1964, yakaingia katika nyumba na masoko ya kando pande zote za Nyanza, na mwaka 2024 yakapanda tena. Mtu akikuonyesha kiwanja kikavu ufukoni, mtafute mzee wa mtaa, umwulize maji yalifika wapi mwaka ule.

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuwaambia watu neno. Aliondoka usiku na watu wachache, akapita langoni hata langoni akiutazama ukuta ulivyobomoka, na mahali pengine mnyama wake hakuwa na njia ya kupita. Ametufundisha kuutazama mji wakati usiojitayarisha kutazamwa. Basi mlale Kirumba, angalau siku mbili, na moja iwe Jumamosi. Laleni kwa ndugu au rafiki, hata kama ni chini juu ya mkeka, kuliko katika nyumba ya wageni ya katikati ya mji, ambapo mtasikia usiku wa mahali msipokusudia kukaa. Sikilizeni muziki wa vilabu hukoma saa ngapi. Kama uwanja una mpira siku ile, ni bahati yenu, mtajua barabara hujaa namna gani na watoto watavukaje. Asubuhi, kabla ya saa moja, simameni barabarani mwone watoto wa shule wanavyoivuka njia ile ya uwanja wa ndege, maana magari yake yaenda mbio. Hili mwalimu aweza kulifanya vizuri kuliko sisi.

Kisha fedha. Katika miji yetu wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita mbele, na wengine ya mwaka mzima. Dalali naye hutaka chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kwa mshahara wa mwalimu hii ni fedha nyingi, nayo ikikwisha kutolewa hairudi. Tumeona jamaa waliokaa mwaka mzima katika nyumba ya kuwaumiza, kwa sababu tu kodi ilikwisha kulipwa. Tumemwona na baba aliyekopa kwa riba ili kulipa kodi, akitumaini fedha ya uhamisho, nayo ikakawia. Twasihi sana, fedha isiyoingia mkononi isipangiwe nyumba. Siku ya kwanza ya kutazama msichukue fedha ya kodi mfukoni kabisa. Dalali atasema yupo mtu mwingine aitakaye nyumba ile jioni hii. Daima yupo. Na kama nyumba yenyewe yachukuliwa kweli, mtakuwa mmepoteza nyumba moja katika mji wenye nyumba nyingi. Mkikubaliana, andikianeni, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mtu mwingine mzima, na stakabadhi itunzwe na mke.

Kwa mwenyekiti huyo hamna budi kwenda kwa vyovyote, kwa maana mgeni asiyejulikana mtaani hana wa kumshuhudia siku ya shida. Lakini kabla yake nendeni kanisani. Twajua wengine hufanya kinyume: hupata nyumba kwanza, hukaa, na Jumapili ya tatu au ya nne huanza kuuliza kanisa liko wapi, na wengine hata hawafiki Jumapili hiyo. Ombeni barua ya padre wenu kabla ya kuondoka Ukerewe, mwipeleke parokiani siku ileile ya upelelezi, mwombe kuonyeshwa jumuiya ndogo ndogo ya mtaa mnaoutazama. Mkiweza, mkae nayo jioni moja ya sala. Faida ya kwanza ni ya roho, nasi hatuhitaji kuieleza. Faida ya pili ni kwamba watu wale watawaambia kweli ambayo dalali hawezi kuisema: mwenye nyumba yule ni mtu wa namna gani, mpangaji wa kabla yenu aliondoka kwa nini, mtaa una wezi au hauna, ni kisima gani kisinywewe. Mama mmoja wa jumuiya, akiwa amekaa na mke wa mwalimu penye jiko, atafundisha katika saa moja mambo ambayo sisi tumeyaandika kwa shida katika kurasa hizi.

Na mkiona Kirumba haiwafai, msidhani Mwanza yote imewakataa. Ziko Kitangiri, Nyamanoro na Pasiansi karibu nayo, na mbele zaidi ziko pande za Ilemela zenye nafasi, ingawa nauli ya kila siku huongezeka. Ndugu zetu wa Sengerema na Geita nao wamepata wepesi tangu daraja la kilometa 3 la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Waweza kuja kutazama na kurudi pasipo kungoja kivuko. Watu wa Ukerewe bado wana maji mbele yao, ama meli ya Nansio, ama kivuko cha Rugezi na Kisorya kisha barabara ya Bunda, kwa hiyo safari yao ya kutazama ina gharama, na ndiyo sababu tumesema mengi juu ya kuitumia vizuri.

Limebaki swali la mwisho la mwalimu, ambalo aliliandika kana kwamba ni dogo: Je, auze shamba lake la muhogo ili kupata mtaji wa kuanzia mjini? Tunajibu pasipo kuzunguka. Asiuze. Ukerewe ardhi ni haba na watu ni wengi. Shamba likienda halirudi. Mwalimu atangulie na mkewe kutazama, kisha ahamie yeye mwenyewe na kuanza kazi, watoto wafuate mwisho wa muhula ili masomo yasikatike, na shamba likae mwaka mmoja kwanza mikononi mwa ndugu. Mama mzee naye abaki pale kwa sasa. Mvua zikianza, aletwe kutembea Kirumba siku nne au tano, apande njia ile kwa miguu yake, alale, asikie usiku wa pale, aende Misa na kurudi. Kisha mwanawe akae naye faraghani amwulize, naye asikilize jibu lake.